Mjomba anataka kijana aache shule aende Kariakoo: jibu kwa mama wa Tandika

Swali lililonifikia ni hili: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge Tandika. Mwanangu wa kiume yuko kidato cha pili. Mjomba wake ana fremu Kariakoo, anauza vipuri vya simu, naye ananishauri nimtoe kijana shule akae dukani. Anasema matajiri anaowajua hawakumaliza hata kidato cha nne, na waliosoma wanazunguka mjini na bahasha. Mimi nasikia siku hizi shuleni wanafundisha biashara na kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. Je, sera za elimu zinaweza kweli kumtoa mfanyabiashara, au ni maneno ya vitabuni? Na binti yangu wa darasa la tano nimwekee matumaini gani?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mjomba hajasema uongo, na ukimjibu kwa kumwambia tu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha hatakusikiliza, na atakuwa na haki. Kariakoo wamejaa watu wenye maghala ambao hesabu walijifunzia juu ya gunia. Said Salim Bakhresa, ambaye huenda unga wake uko jikoni kwako sasa hivi, aliacha shule akiwa bado kijana mdogo. Mjomba akilitaja jina hilo, watu hunyamaza.

Ila mwombe ahesabu na wengine. Reginald Mengi alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi katika kampuni ya wakaguzi wa hesabu, kisha katika uhaba wa miaka ya 1980 akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Mohammed Dewji alipita Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akarudi kuendeleza biashara ya familia. Watatu hao wote walitajirikia katika mji huu huu, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo ukitaka kujua shule inamfanyia nini mfanyabiashara, walioko kileleni hawatakusaidia. Watazame wale wanaoanza na kupotea: kijana aliyepewa mzigo kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe, akauza wote, akala mtaji akidhani ni faida, na mwezi wa tatu akazima simu. Kijana huyo mjomba hamtaji, maana hayupo tena sokoni wa kutajwa. Na mara nyingi kilichomwangusha ni hesabu ya darasa la tano.

Nimefundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na nimejifunza kusoma sera ya elimu kwa kuanzia kwenye karatasi ya mtihani. Kitabu cha sera kinaeleza nchi inatamani nini. Mtihani ndio unaomwambia mwalimu afundishe nini Jumatatu asubuhi, na unaomwambia mtoto kipi ni cha maana na kipi ni cha kupitisha muda. Nchi yetu imejaribu zaidi ya mara moja kuingiza kazi na kujitegemea madarasani, na kila mara mtihani umeshinda. Nikusimulie kidogo, kwa sababu wakati mpya wa kujaribu ndio huu alioingia nao mwanao.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alisema elimu ya mkoloni iliandaa makarani wachache na kuwaacha wengine wote wajione wameshindwa. Akataka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe ngazi ya kupandia sekondari ambayo wengi hawatapanda. Kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wazalishe, na washiriki kuamua mambo ya mradi wao. Hilo la kuamua wengi wamelisahau, nami naliona ndilo lililokuwa moyo wa waraka mzima.

Mimi ni zao la sera hiyo. Sekondari niliyosoma tulifuga kuku wa mayai. Tuliamka alfajiri kuchota maji, tukafagia banda, tukakusanya mayai na kuyapanga kwenye trei. Kila Ijumaa trei zilipakiwa zikaondoka. Katika miaka yangu minne pale sikuwahi kuonyeshwa daftari. Sikujua pumba zilinunuliwa kwa shilingi ngapi, nani aliamua bei ya trei, wala kuku walipokufa hasara ile iliandikwa wapi. Nilijua kubeba ndoo. Na mwanafunzi aliyechelewa namba alipelekwa bandani kama adhabu, kwa hiyo tukakua tukiamini kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji. Waraka ulisema wanafunzi waamue, lakini kwetu tulipewa jembe na ndoo, uamuzi ukabaki ofisini. Bado inaniuma, kwa sababu daftari lile moja lingetufundisha biashara kuliko vitabu vyote nilivyokuja kuvisoma baadaye.

Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu kurekebisha. Maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, na mhitimu wa kidato cha sita akatakiwa afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa mafundi ambao hadi leo ukikutana nao unajua wamefundwa. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, mtoto wa darasa la saba alichujwa kwa karatasi, na karatasi ile haikuuliza chochote kuhusu kuku wala shamba. Walimu waliona hivyo, wazazi pia, na mradi wa shule ukawa kazi ya mchana baada ya masomo yenyewe kwisha.

Pia kuna sera ambazo hazikuitwa za elimu ila zilifundisha kuliko darasa. Miaka hiyo neno mfanyabiashara lilikaa jirani na neno mnyonyaji. Kiongozi alikatazwa na miiko ya uongozi kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na hapa Dar vijana wasio na kazi inayotambulika walikamatwa mitaani na kurudishwa vijijini. Fikiria kijana aliyemaliza la saba, ameambiwa miaka saba ajitegemee, amekuja mjini na beseni la karanga. Kwa sheria ile alikuwa mzururaji. Shule ilimwambia neno moja na mgambo akamwambia jingine, naye akamwamini mgambo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba huwezi kuipima sera ya elimu peke yake. Mtoto husoma pia namna nchi yake inavyomtendea muuza karanga, na somo hilo analifaulu bila mwalimu.

Baada ya 1985, enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi, mlango wa biashara ulifunguka. Miiko ikalegezwa Zanzibar mwaka 1991, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikafungua nafasi zaidi kwa shule binafsi, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002 pamoja na kufutwa kwa ada ya shule ya msingi, shule za kata zikafuata, na kuanzia 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Mengi yamesemwa kuhusu ubora wa shule hizo, na mengi ni ya kweli. Lakini kuna jambo ambalo watu wa ujasiriamali hulipita haraka. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970, pamoja na madarasa ya watu wazima, uliacha nchi yenye mamilioni wanaoweza kusoma Kiswahili na kuandika tarakimu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mama wa sokoni aliweza kusoma ujumbe na kujua salio lake bila kumwita mtu. Mawakala waliojaa kila kona ya Tandika ni biashara iliyosimama juu ya msingi ule. Kama ningeulizwa ni sera gani ya elimu iliyomsaidia mfanyabiashara mdogo wa nchi hii kuliko zote, ningetaja ile ya kumfundisha kila mtu kusoma, kuandika na kuhesabu, na semina zote za ujasiriamali zingefuata mbali nyuma.

Jirani zetu Kenya walipitia njia kama yetu. Mfumo wao wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulioanza 1985 ulileta ufundi, kilimo na sayansi kimu hadi shule za msingi, kwa nia hiyo hiyo ya kijana ajiajiri. Karakana hazikutosha, wazazi wakachangishwa kuzijenga, na kwa kuwa masomo yale yaliingia kwenye mtihani wa kuandika, watoto wakakariri majina ya randa na patasi bila kuzishika. Baadaye masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Somo la vitendo lisilo na vifaa linageuka kuwa somo jingine la kukariri.

Sasa niingie kwenye swali lako lenyewe, kama kufundisha biashara kunamtoa mfanyabiashara. Ushahidi upo, na mwingine ni wa kwetu. Mwaka 2011 Fema, shirika la habari za vijana, walirusha kwenye televisheni kipindi cha Ruka Juu, vijana wakishindana katika biashara. Watafiti, baadhi yao kutoka Norwei, waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, wakawalinganisha waliohamasishwa kukitazama na wenzao. Waliokitazama walivutiwa zaidi na biashara, na baada ya muda wengi zaidi kati yao walikuwa wamefungua za kwao. Hapo mjomba angepiga makofi. Lakini masomo yao yalishuka, na uwezekano wao wa kuendelea na shule ukapungua.

Matokeo hayo yamenikosesha usingizi, nakwambia kweli. Yanaonyesha kwamba hamu ya biashara ni rahisi kuiwasha, na kwamba kwa kijana wa miaka kumi na sita hamu hiyo hushindana na daftari la hisabati kwa saa zile zile za jioni. Sera inayopandisha hamu bila kuifunga na masomo inamwondoa mtoto darasani kabla hajapata kile kitakachomlinda sokoni. Mjomba wa kijana anafanya kazi ile ile ya kipindi kile, tena kwa nguvu zaidi, maana yeye ana noti mkononi.

Utafiti mwingine umetoka Lomé, Togo, ukachapishwa 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi. Kundi moja lilifundishwa yale tunayofundisha sote: hesabu, masoko, mpango wa biashara. Jingine lilifundishwa uthubutu: kutosubiri kuambiwa, kutafuta jambo ambalo jirani hajalifanya, kuendelea baada ya kuanguka. Kwa miaka miwili faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 hivi. La kwanza halikuonyesha badiliko la uhakika. Wale walikuwa watu wazima wenye biashara tayari, kwa hiyo usinielewe kwamba hesabu si kitu. Ninachokiona mimi ni kwamba tabia ya kuanza jambo hufundishika, ila haifundishwi kwa kunakili ubaoni. Shule inayomchapa mtoto kwa kuuliza swali imeshamfundisha ujasiriamali wa aina yake, nao ni wa kukaa kimya.

Tuje kwenye mabadiliko ya sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 1, 2025, inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Sekondari imegawanyika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na amali inabeba fani kama ujenzi, umeme, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Somo la biashara, ambalo zamani lilikuwa vipande viwili vya hiari, sasa ni la lazima kwenye mkondo wa jumla. Mwanao, kwa kuwa yuko kidato cha pili, yumo ndani yake tayari. Binti yako wa darasa la tano yumo kwenye kundi la kwanza litakalomaliza msingi kwa miaka sita, mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwaka huo. Maana yake vidato vya kwanza vya 2028 vitapokea makundi mawili kwa mpigo, na wewe kama mzazi anza mapema kuulizia madawati na walimu.

Je, mimi nina imani na mabadiliko haya? Ninayo, kwa masharti. Nikiingia shule yenye mkondo wa amali naulizia mambo mawili tu. Kwanza karakana: kuna cherehani ngapi kwa wanafunzi wangapi, na nyuzi zinanunuliwa na nani. Pili mtihani: mtoto anapimwa kwa kushona suruali au kwa kueleza hatua za kushona suruali. Na kwenye somo la biashara naulizia kama darasa limewahi kushika fedha halisi, hata shilingi 20,000 za kununua na kuuza maji siku ya michezo, wakaandika, wakapata faida au hasara, wakaulizana kwa nini. Nenda kwenye kikao cha wazazi ukaulize hivyo hivyo. Mwalimu mkuu akijua wazazi wanaulizia daftari la mradi, atalitafuta.

Hapa nimtetee mjomba, kwa maana fremu yake ni shule na nchi yetu bado haijaitendea hivyo. Kijana aliyekaa Kariakoo miaka mitatu amejifunza kupokea mzigo na kuhesabu pisi, kutofautisha kioo cha simu halisi na cha kuiga kwa kukigusa, kujua mteja wa jumla kutoka Mbeya anataka nini na mawinga, yaani madalali, wanachukua ngapi katikati, kusikia harufu ya tapeli. Hakuna chuo kinachoyafundisha hayo vizuri zaidi. Lakini anaondoka bila karatasi, na mara nyingi bila mtaji. Bosi akiamka vibaya, miaka mitatu imekwisha kwa neno moja.

Wapo waliolitengenezea jambo hili utaratibu. Waigbo wa Nigeria, hasa baada ya vita vya Biafra vilivyokwisha 1970, walijijenga upya kwa desturi yao ya uanagenzi: kijana anakaa kwa bwana wake miaka kadhaa, analishwa na kufundwa, na mwisho bwana ana wajibu wa kumpa mtaji aanze chake. Jamii nzima inajua ahadi hiyo, na bwana asiyeitimiza anaharibu jina lake. Wajerumani wameiweka kwenye sheria ya mwaka 1969: kijana ana mkataba ulioandikwa, siku nyingi za wiki yuko kazini, siku moja au mbili yuko shule ya ufundi, na mtihani wake unatambulika nchi nzima. Mmoja ameshikilia kwa desturi, mwingine kwa sheria, na wote wamemwandikia kijana mwisho wa safari yake kabla hajaianza.

Sisi vipande tunavyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyozaliwa na sheria ya 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ina pia mafunzo ya uanagenzi yanayogawana muda kati ya chuo na kazini. Waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo hayo. Ninachokililia ni kwamba yote haya yamefikiriwa kwa fundi wa gereji na fundi wa umeme. Muuzaji wa fremu, ambaye Dar es Salaam imejaa wa namna yake, hana mlango. Sera inamtambua mtu anayetengeneza friji na haimtambui anayejua kuliagiza, kulihifadhi na kuliuza. Ningekuwa na sauti Dodoma, mlango huo ndio ningeupigania kwanza.

Na lugha pia. Mtoto wetu anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na leja, mtaji na hesabu ya mizania kwa Kiingereza. Anakariri upande wa kushoto na wa kulia, anafaulu, halafu akisimama Kariakoo anasikia mali kauli, kilemba, mzigo wa jumla, upatu, na haoni kwamba haya ndiyo yale aliyoyasoma. Mali kauli ni mkopo wa bidhaa bila dhamana, wenye riba iliyofichwa kwenye bei. Kilemba ni gharama ya kuingia ambayo lazima irudi kabla hujasema umepata faida. Mwalimu mwenye dakika kumi tu za kuunganisha maneno hayo anamfungulia mtoto dunia, na nimeona kwa macho yangu darasa lililokuwa limesinzia likiamka lote kwa mfano mmoja wa vikoba.

Sasa binti yako. Watafiti waliwahi kufanya kazi hapa Dar na wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, mafunzo yakitolewa na wakufunzi wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaume waliofunzwa biashara zao zilipanda vizuri. Kwa wanawake, waliokaa darasa lile lile, matokeo yalikuwa madogo zaidi. Wewe unajua kwa nini kuliko mimi. Mwanamke anarudi kutoka semina na kukuta mtaji wake ndio ada, ndio msiba, ndio dawa ya mtoto, na saa ambayo mwenzake wa kiume anafuatilia mzigo yeye anapika. Sera ya elimu haiwezi kumaliza hayo peke yake, ila inaweza kumwongezea nguvu za kubishana. Kila mwaka anaokaa shule unamsogeza mbali na ndoa ya mapema na kumpa hesabu za kulinda fedha zake. Na uamuzi wa Novemba 2021, wa kumruhusu msichana aliyekatishwa masomo na ujauzito arudi shule ya kawaida, mimi nauhesabu kuwa sera ya ujasiriamali hata kama hakuna aliyeuita hivyo, maana mfanyabiashara ni mtu aliyepewa nafasi ya pili. Binti huyo mpe kitu kimoja kuanzia wiki hii: awe ndiye anayeandika mauzo yako ya vitenge kila jioni, na umwonyeshe fedha ya duka ikikaa pochi moja na ya nyumbani pochi nyingine.

Kuhusu kijana, jibu langu ni hapana, asiache shule. Miaka miwili na ushee iliyobaki ni mifupi, na Kariakoo haihami. Lakini usimfungie mjomba mlango, kwani ana kitu ambacho shule haina. Mpeleke Jumamosi na likizo. Kaeni chini watatu, wewe, mjomba na kijana, muandike: siku gani anakwenda, analipwa nini hata kama ni nauli na chakula, anafundishwa nini kila likizo, na akimaliza kidato cha nne mjomba atamsaidia vipi aanze. Mjomba akiona uzito kuiandika ahadi hiyo sasa, bora ujue leo kuliko ujue kijana akiwa ameshaacha shule.

Akimaliza, njia ni nyingi. Kama amependa mikono, yupo fundi simu ndani ya muuza vipuri, na vyuo vya VETA vya Chang'ombe na Kipawa haviko mbali nanyi. Kama amependa kuuza, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa 1965 kwa ajili ya watu kama yeye, kiko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Akishafika miaka 18 na akawa na wenzake wa kuaminika, waulizie halmashauri mikopo ya vikundi ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Ila asikope kabla hajaweza kukuonyesha kwa maandishi alichouza mwezi uliopita, na wasimguse kabisa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa.

Kwa hiyo likizo ya Juni ikifika, mnunulie daftari la kaunta, aende nalo fremu kwa mjomba. Aulize bei ya kununulia kioo kimoja cha simu, aulize nauli ya mzigo, aulize kodi ya fremu kwa mwezi na umeme, aandike, kisha agawanye mwenyewe ajue kioo kimoja kinaacha shilingi ngapi hasa. Jioni alete nyumbani, akueleze wewe na mdogo wake. Hesabu hiyo ikimshinda, umejua kwa nini anarudi darasani Julai. Ikimkubali, mwambie aipeleke kwa mwalimu wake wa biashara, aombe nafasi aiandike ubaoni wenzake waione.